Nyamuswa: Nyumba ya Mwisho Isiyo na Pembe

Ndugu msomaji, hebu inua macho kidogo kutoka kwenye ukurasa huu, uitazame nyumba uliyomo. Ikiwa wewe ni mmoja wa wapangaji wengi wa Dar es Salaam, yamkini umeketi katika chumba kimoja kati ya sita, vitatu mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto, na katikati unapita ukumbi utokao barazani hadi uani. Pengine umeishi humo miaka kumi, na watoto wako wamezaliwa humo. Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyeamua kwamba nyumba iwe hivyo? Kwa nini baraza liwe mbele na jiko liwe nyuma?

Mimi, mwandishi wenu, sikuwahi kujiuliza. Nimezaliwa mjini, na kwangu nyumba ilikuwa ni kodi ya mwezi na bati lisilovuja, basi. Safari iliyonifumbua macho ilikuwa ya Nyamuswa, Wilaya ya Bunda, mkoani Mara, kwa wakwe zangu. Wala sikwenda huko kutafuta makala. Tuliitwa, mke wangu na mimi, kuhudhuria kikao cha ukoo, na jambo la kuzungumzwa lilikuwa moja tu: nyumba ya nyasi anamolala bibi mzaa baba wa mke wangu, ibomolewe au isibomolewe.

MAPAA YALIYOKUWA VIBAO VYA NJIA

Kutoka Dar es Salaam hadi Mara ni safari ya kuvuka karibu nchi nzima: Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, Mwanza. Ndani ya basi nilikaa na mzee mmoja aliyekuwa utingo wa malori katika njia hiyo enzi za ujana wake. Alikuwa akitazama nje kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Nilipomwuliza, akacheka.

"Zamani, mwanangu, sikuhitaji kusoma kibao," akaniambia. "Nikizinduka usingizini, nikatazama paa moja tu, nilijua tuko wapi. Sasa ni bati, toka Kimara hadi Sirari."

Maneno ya mzee huyo yalinikaa moyoni, na tangu hapo nami nikaanza kutazama nje. Ni kweli kwamba bati limetawala. Lakini hapa na pale, nyuma ya nyumba za matofali, mabaki ya ujenzi wa kale bado yanaonekana, na mzee hakuchoka kunieleza.

Pwani kuna mikoko na minazi. Mkoko hutoa boriti, mti mgumu ambao mchwa hauupendi. Mnazi hutoa makuti. Hata matajiri wa Unguja na Lamu, waliojenga kwa mawe ya matumbawe, walitawaliwa na mkoko. Dari zao zilibebwa na boriti, na kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, vyumba vyao vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wa mita 3 au pungufu. Mti wa baharini ndio uliowapimia vyumba, hata wangekuwa na fedha kiasi gani.

Ukifika Ugogo mambo hugeuka. Mvua ya Dodoma ni kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nayo huja kwa msimu mmoja. Miti mirefu ni adimu, upepo ni mwingi, na mali ya mtu ni ng'ombe. Kwa hiyo Wagogo walijenga tembe: nyumba ndefu ya chini, yenye paa bapa la miti na fito lililofunikwa udongo, ikizunguka ua ambamo mifugo hulala. Paa kama hilo lingeyeyuka mara moja huko Bukoba, ambako mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Wahaya, kwa kulijua hilo, walijenga msonge mrefu ulioezekwa nyasi toka kileleni hadi ardhini, maji yasipate mahali pa kutua. Nao Wairaqw wa Mbulu walichimba tembe zao ubavuni mwa mlima, hata paa likalingana na mteremko, ili adui apitaye kwa mbali asione kitu.

Naam, hakuna hata mmoja kati ya mafundi hao aliyesoma chuo cha ujenzi. Walisoma mvua, udongo, miti, ng'ombe na maadui. Ndiyo maana nyumba zao zilitofautiana kama nchi zao zilivyotofautiana.

NYUMBA INAYOIPA BARABARA KISOGO

Tukapita Mwanza na Magu. Ziwa Victoria likawa mkono wetu wa kushoto, na nyika za Serengeti zikawa mkono wa kulia. Tuliposhuka Bunda, tuliagana na mzee wetu, tukapanda gari dogo la kwenda Nyamuswa. Hii ni nchi ya Waikizu, na mlima wao ni Chamuriho. Masimulizi ya wazee humtaja Nyakinywa, mwanamke aliyetoka upande wa Kanadi, Usukumani, akiwa na elimu ya mvua; na kwake yeye wanahesabu mwanzo wa utawala wao. Basi usishangae, msomaji, ukiona kwamba hapa neno la bibi mzee si neno la kupuuzwa.

Bibi nilimkuta ameketi mlangoni kwake akipepeta ulezi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umechelewa mno. Nilidhani umeoa mwingine huko pwani."

Watu wote walicheka, na mke wangu alicheka kuliko wote. Kisha nikaingia ndani.

Nyumba hiyo ni ya mviringo, na kipenyo chake ni hatua saba za mtu mzima. Nguzo zimesimikwa ardhini kwa duara, zikasukwa fito, zikakandikwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Paa lina umbo la pia, na mwisho wake wa chini umetokeza mbele ya ukuta ili mvua isiugonge. Mwenye kimo changu lazima ainame mlangoni. Ndani, macho yakishazoea giza, unaona mafiga matatu katikati, kitanda cha miti upande mmoja, sehemu iliyotengwa kwa ndama upande mwingine, na juu yako dari ya fito iliyopakwa masizi meusi yanayong'aa kama rangi ya kiatu. Nje lilikuwa jua la saa saba. Mle ndani palikuwa na ubaridi kama wa mtungini.

Kwa nini mviringo? Jaribu jambo hili na watoto wako leo jioni. Chukueni kamba yenye urefu wa mita 20. Itandazeni chini kwa umbo la mraba, kila upande mita 5: mtapata eneo la mita za mraba 25. Kisha kamba ile ile itandazeni kwa duara: mtapata karibu mita za mraba 32. Kwa ukuta ule ule, mwenye nyumba ya mviringo amepata nafasi kubwa zaidi, na hana pembe hata moja ya kupasuka wala ya kupigwa na upepo. Mahali ambapo kila nguzo hukatwa kwa shoka na kubebwa begani, hiyo si hesabu ndogo.

Hata hivyo, jambo moja lilinitatiza. Nyumba zote za hapo zimepangwa mstari kando ya barabara, na milango yao inaitazama barabara. Nyumba ya matofali ambayo wanawe wamemjengea Bibi, yenye bati jipya na madirisha ya vioo, nayo inaitazama barabara. Ya Bibi peke yake inaipa barabara kisogo. Mlango wake unatazama mlimani.

KIKAO CHINI YA MWEMBE

Asubuhi ya pili tulikaa chini ya mwembe. Baba mkwe, kama mtoto wa kwanza, ndiye aliyefungua mazungumzo, na sikuona ubaya wowote katika maneno yake.

"Wananchi wanapita hapa kila siku," alisema. "Wanaona nyumba ya tofali niliyojenga, halafu wanaona mama yangu analala ndani ya nyasi. Watasemaje? Watasema tumemtupa."

Baba mdogo akaongeza kwamba paa linavuja, na kwamba nyoka alikwisha kuuawa humo mara mbili. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, akasema jambo zito kuliko yote: kikohozi cha Bibi kinatokana na moshi, na mapafu ya mtu wa umri ule hayawezi kuendelea kuvuta moshi usiku kucha. Mimi nilikaa kimya, kama inavyompasa mkwe. Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kukata shauri. Nyumba ibomolewe.

Ndipo Bibi akaomba nafasi.

"Mnasema ni nyumba ya umaskini," alianza. "Nawaulizeni, babu yenu alikuwa maskini? Alikuwa na ng'ombe waliojaza zizi. Siku ya kuezeka walikuja watu wa rika lake lote. Wanaume walipanda juu, vijana walirusha mafungu ya nyasi, wanawake tulipika na kusonga. Jua halijazama, nyumba imekwisha. Maskini ni yule asiye na watu wa kumwezekea. Basi mimi leo ni maskini, lakini si kwa sababu ya nyasi."

Hakuna aliyejibu. Kisha akatueleza habari za mlango.

Mwishoni mwa mwaka 1973 ilitolewa amri nchini kwamba wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia katika vijiji kabla ya mwaka 1976 kwisha. Mkoani Mara kazi hiyo ilifanyika hasa mwaka 1974. Nia ilikuwa kuwakusanya watu pamoja ili wapate shule, zahanati na maji, na shule nyingi zilizopo leo zina asili yake katika miaka hiyo. Lakini pia ni kweli kwamba sehemu mbalimbali za nchi watu walihamishwa kwa haraka na kwa nguvu, na nyumba zao za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto wasipate pa kurudi.

Bibi wakati huo alikuwa mama kijana mwenye watoto wawili. "Mji wetu ulikuwa kule juu," alisema, akinyosha kidole upande wa mlima. "Zizi katikati, nyumba zimelizunguka, lango moja. Tukaambiwa tushuke barabarani tupange mstari. Babu yenu hakubishana na mtu. Aling'oa mlango akaubeba begani, akashuka nao hadi hapa. Akasema, nyumba nitajenga popote nitakapoambiwa, lakini mlango ni huu, na utatazama tulikotoka."

Nikageuka kuutazama mlango ule. Ni ubao mmoja mzito, umechongwa kwa tezo, umelainika kwa mikono ya watu. Kila nguzo ya nyumba ile, Bibi alisema, imekwisha kubadilishwa, nyingine mara tatu, kwa sababu ya mchwa. Na nyasi hazihesabiki zimebadilishwa mara ngapi. Kilichobaki tangu mlimani ni mlango peke yake.

Sikulielewa jambo hilo mpaka baba mkwe aliponifafanulia baadaye. Katika lugha za Mara ya kusini kuna neno *ekehita*. Maana yake ni mlango, au lango la boma. Na neno hilo hilo ndilo jina la ukoo. Watu wa ukoo mmoja ni watu waliotoka katika mlango mmoja. Na sisi wasemaji wa Kiswahili, je, hatusemi vivyo hivyo? Tunasema fulani na fulani ni wa nyumba moja, ni wa mlango mmoja. Ng'ambo ya Mto Mara, kwa majirani zao Wajaluo wa Rorya, boma hupangwa kwa kulitazama lango: nyumba ya mke mkubwa hukabiliana nalo, na vibanda vya vijana wa kiume huwa karibu nalo kama walinzi. Mwana akienda kuanzisha boma lake, desturi ni kuchukua jogoo, shoka na moto. Basi kwa watu hawa mpangilio wa nyumba ulikuwa kitabu cha ukoo, na mtoto alikisoma kwa kutembea uani.

MPAKA UCHINA

Alikuwapo kikaoni shemeji yangu mmoja aliyesomea uhandisi nchini China. Usidhani, msomaji, kwamba China iko mbali na habari hizi. Wengi wetu tuna baba au babu aliyefanya kazi bega kwa bega na Wachina katika ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975. Shemeji akatoa simu yake akatuonyesha picha alizopiga huko.

Za kwanza zilikuwa za Beijing. Kule nyumba ya jadi ni majengo manne yanayozunguka ua mmoja. Wazee hukaa upande wa kaskazini, wakitazama kusini ili jua liwapashe joto. Watoto na wake zao hukaa mashariki na magharibi. Baba mkwe alipoona alitikisa kichwa. "Huu ni mji," alisema. "Hawa wana akili zetu."

Za pili zilikuwa za nyanda za udongo wa manjano, katika jimbo la Shaanxi na majirani zake. Hapo watu wamechimba nyumba ndani ya vilima, kwa sababu miti ni michache na udongo ni laini lakini imara. Ndani huwa na joto wakati wa baridi kali na ubaridi wakati wa kiangazi. Nikawakumbuka Wairaqw. Kusini-magharibi, kwenye mvua nyingi na miteremko mikali, nyumba ni za mbao, nazo zimesimama juu ya nguzo.

Picha za mwisho zilitunyamazisha sote. Katika milima ya Fujian, kusini-mashariki, kuna nyumba kubwa za udongo ulioshindiliwa, nyingi zikiwa za mviringo, ghorofa tatu au nne kwenda juu, na kuta zenye unene wa zaidi ya mita moja. Nyumba moja ni ya ukoo mzima, na kubwa zao ziliweza kubeba mamia ya watu. Zinalindwa na lango kuu moja. Ziliwekwa hivyo kwa hofu ya majambazi na ugomvi wa koo. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliziingiza 46 kati yake katika orodha ya urithi wa dunia. Na miaka kumi baadaye, mwaka 2018, liliingiza Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyojengwa bila saruji huko Migori, Kenya, ambayo nayo ni kuta za mviringo zenye malango membamba ya kujihami. Kutoka Nyamuswa hadi hapo si mbali sana. Watu wasiopata kujuana kamwe, wakiwa na hofu moja na upendo mmoja wa ukoo, walichora duara lile lile.

Bibi aliishika simu akaitazama ile nyumba ya Fujian kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sisi wote, pamoja na usomi wetu, hatukuwa tumeliuliza.

"Na vijana wao bado wanalala humu, au nao wamekwenda mjini?"

Shemeji akacheka kidogo, akainama. "Wengi wamekwenda mjini, Bibi. Mara nyingi waliobaki ni wazee, na watalii wanaokuja kupiga picha."

"Nilijua," akasema Bibi, akamrudishia simu yake.

BEI YA NYASI

Baada ya hapo kikao kilichukua njia nyingine. Baba mdogo akasema, basi tufanye hesabu ya kuezeka upya. Hapo ndipo nilipopata mshangao wangu mkubwa. Nyasi za kuezekea hazipo tena karibu. Ardhi zilipokuwa zikiota imelimwa, na nyingine hulishwa mifugo kabla hazijakomaa. Lazima zinunuliwe mbali na kukodiwa gari. Fundi anayejua kuezeka alikuwa mmoja tu kwa pande zile, mzee wa kata jirani. Tulipojumlisha nyasi, gari, fito na ujira, ilionekana kwamba paa la nyasi litakaribia bei ya paa la bati.

Fikiri, msomaji. Paa tunalolicheka kuwa la maskini limekuwa paa la mwenye uwezo! Zamani halikuwa na bei kwa sababu kilicholijenga hasa ni watu: majirani, rika, mashemeji, vijana wa kurusha mafungu. Siku watu hao walipoondoka kwenda kutafuta mshahara, paa likakosa wa kulisimamisha. Tumezoea kusema kwamba nyumba za jadi zimeuawa na bati. Nyamuswa nilijifunza kwamba bati lilikuta maiti. Nyumba zile zilikufa kwa kukosa mikono, na mikono hiyo iko wapi? Iko Dar es Salaam, Mwanza, Arusha. Iko viwandani, maofisini, sokoni. Ni mikono yangu na yako.

Wala sisemi kwamba turudi wote kwenye nyasi. La hasha. Bati huteka maji ya mvua, na mama asiyetembea mwendo mrefu na ndoo kichwani anajua thamani yake. Tofali haliliwi na mchwa. Moshi wa ndani ni adui wa mapafu, na mke wangu hakukosea hata kidogo. Lakini bati nalo lina madeni yake: muulize anayelala chini yake bila dari mwezi Januari saa nane mchana, au anayejaribu kuongea na wenzake mvua ikinyesha. Na tunapojenga Nyamuswa nyumba ile ile tunayojenga Dodoma, Bukoba na Mbagala, tunajenga kana kwamba nchi hizo zina mvua moja, jua moja na udongo mmoja. Wazee wetu wangetucheka.

Hatimaye kikao kiliamua hivi. Bibi atalala katika nyumba ya matofali, kwa ajili ya kifua chake. Nyumba ya nyasi itaezekwa upya mara moja hii, kwa michango ya wajukuu walioko mijini. Moto utawashwa humo mchana, mlango ukiwa wazi. Bibi aliukubali uamuzi huo nusu. Alisema usiku atalala kwenye bati mvua ikinyesha. Usiku mwingine ataona mwenyewe.

Suala la moto alilisisitiza yeye. Sikujua, lakini mzee fundi alinithibitishia: moshi hukausha nyasi na kufukuza wadudu, na yale masizi meusi niliyoyaona darini ndiyo dawa ya paa. Nyumba ya nyasi isiyo na moto ndani huoza na kuliwa upesi. Kwa maneno mengine, haiwezi kuwekwa tu ikatazamwa. Isipokaliwa, inakufa.

Kazi ya kuezeka ilianza wiki ile ile, kwa kuwa ulikuwa wakati wa kiangazi. Nami nilivua shati nikapanda ngazi pamoja na vijana wa pale, ambao hawakuwa wamewahi kuishika kazi hiyo zaidi yangu. Nyasi zilinikata viganja hata nikaona haya. Mzee fundi alitufundisha kuanza chini na kupanda juu, kila safu ikifunika shingo za safu iliyotangulia, ili tone la mvua lisipate pa kuingilia. Bibi alikaa chini ya mwembe akitoa amri, na kila nilipokosea alipaza sauti: "Mume wangu wa pwani, hilo ni fungu au ni ndevu za beberu?"

TONGO

Siku ya kurudi tulipitia Butiama. Mahali alipozikwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999, panaitwa Mwitongo. Nilikuwa nimelisikia jina hilo mara nyingi redioni bila kulifikiria. Sasa nilikuwa nimemsikia Bibi akipaita mahali pa mji wao wa zamani, kule mlimani, itongo. Ni tongo letu la Kiswahili, mahali palipokuwa na makazi ya watu. Mwitongo ni kwenye tongo. Watu wa Mara wanapohama mahali hawapafuti. Hupapa jina, ili wajukuu wajue kwamba hapa palikuwa na mlango.

Ndugu msomaji, hapa Dar es Salaam kila siku makondakta wanaita, "Makumbusho! Makumbusho!" nasi tunapanda na kushuka bila kuuliza ni makumbusho ya nini. Ni Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, na ndani yake zimejengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya Tanzania: msonge, tembe, na nyingine. Jumapili moja wapeleke watoto. Waulize kwa nini hii ni bapa na ile ina ncha, na usiwape jibu upesi.

Lakini usiishie hapo. Ikiwa kwenu bado ipo nyumba moja ya kale, na mtu mmoja anayejua ilivyojengwa, nenda kabla moto wake haujazimika. Uliza nguzo zilitoka mti gani, nyasi zilikatwa mwezi gani, nani walikuja kuezeka, na mlango unatazama wapi. Nenda na mikono pia, si na simu ya kupigia picha tu.

Viganja vyangu vilipona baada ya wiki mbili. Mvua za vuli ziliponyesha, mke wangu alimpigia Bibi simu kumwuliza kama paa linavuja.

"Lile la bati au la mume wangu?" Bibi aliuliza.

"La mume wako."

"Halivuji," akasema. "Niko ndani yake sasa hivi."